Jumapili za Kubadilishana Pedali

Mwezi uliopita nilimfokea mtu mzima mwenye mvi mbele ya watu, na hadi leo naona haya. Nilikuwa kwenye banda moja la kubangua korosho, njia ya kwenda Madimba, nimeitwa kukagua nyaya, maana siku hizi ufundi wa umeme ndiyo kazi yangu. Yule mzee alikuwa mpaka rangi. Alikuwa analipaka sanduku la swichi rangi ya kijivu, taratibu, kwa mapenzi kabisa, na brashi ilikuwa imebakiza kidogo tu kuigusa boliti inayoshika waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini. Nikapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Kopo likamponyoka, akina mama wabanguaji wakaacha kazi wote wakanitazama. Nikaeleza kwa ukali, kisha nikaeleza tena kwa kuomba radhi, kwamba chuma kikivikwa rangi pale umeme unakosa njia. Mzee alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili, akanipa na korosho za kutafuna njiani.

Harufu ya maganda ilinifuata hadi nyumbani. Wewe unayenijua unajua kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nafunga mlango, nafika barabarani, narudi kukishika kitasa. Wenzangu wananitania kwamba nikifa nitarudi kuhakikisha kaburi limefukiwa vizuri. Wacheke tu. Hawajui wasiwasi huu ulianzia wapi, na hata wewe sidhani kama nimewahi kukusimulia. Ulianzia kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, Mtwara mjini, nikiwa na miaka kumi na mmoja, enzi zile habari za bomba la gesi zilikuwa kwenye kila mdomo.

Baba alikuwa opareta wa kreni bandarini. Sisi tulikuwa watu wa bara, kutoka kwenye baridi na viazi, na Mtwara tuliletwa na kazi kama wengi waliosali nasi kanisani, walimu na makarani na manesi. Mama alifundisha shule ya msingi, na katika mwezi mmoja alikuwa ameshajuana na mtaa mzima. Baba hakuwa hivyo. Kutwa alikaa peke yake juu kwenye kibanda cha kreni, na akishuka chini ulimi wake ulikuwa mzito. Mwaka wetu wa kwanza sikumbuki mgeni hata mmoja aliyekuja kumtembelea yeye. Alipiga gitaa la besi kwenye kwaya, na mazoezi yakiisha anarudi moja kwa moja, anakaa uani na kikombe cha chai hadi chai inapoa. Mama alianza kuzungumzia uhamisho.

Kilichomwokoa ni redio mbovu. Aliipeleka mtaa wa Chikongola kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko, akamkuta amekaa kwenye kigoda, amepakata gitaa la besi, analipiga kupitia spika ya redio ya mteja. Fundi alikuwa mtu wa Mikindani, mji wa zamani wa pwani jirani na Mtwara, mwenye kofia safi na maneno mengi, na siku za Jumamosi alipigia kikundi cha taarabu kwenye harusi. Baba alisahau redio. Alirudi nyumbani alasiri anaongea, tena anaongea mfululizo, hadi mama akaacha kuchambua mchele ili amsikilize vizuri.

Alichoonyeshwa siku ile ni pedali. Labda hujawahi kuiona. Gitaa la besi ndilo lile la nyuzi nne nene, ambalo kwaya ikiimba unalisikia kwa tumbo zaidi ya masikio. Waya hutoka kwenye gitaa kwenda kwenye amplifaya inayokuza sauti. Sasa ukiikata njia hiyo katikati ukaweka kisanduku chenye vipande vichache vya redio, sauti inabadilika. Inanguruma, au inanenepa, au inarudi na mwangwi. Kisanduku kinawashwa na kuzimwa kwa kukanyagwa na mguu. Madukani pedali hazikuwepo, na za kuagiza bei yake ilikuwa ya watu wengine. Fundi alizijenga mwenyewe kwa matumbo ya redio zilizokufa, akizifungia ndani ya makopo ya biskuti na ya maziwa ya unga. Baba akaanza naye. Na mimi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba na macho yangu hayakuhitaji miwani, nikaanza na baba.

Nikikumbuka sasa naona kwamba sijawahi kufurahi vile tena. Jioni baba akishatoka kuoga tulikaa kwenye meza ya kulia, mama akilalamika kuhusu kitambaa chake cha meza. Moshi wa risasi ya kulehemu ulikuwa na harufu tamu ya utomvu, na hata leo nikiunusa mate yananijaa, maana mama alikuwa anapika wakati uleule na harufu zile mbili zimeshikana kichwani mwangu. Kazi yangu ilikuwa kutoboa kopo kwa msumari, kuingiza swichi na jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa gitaa, kukaza nati zake na kufunga skrubu. Baba aliunganisha vipande vya ndani. Kila pedali tuliipa jina kwa jinsi ilivyolia. Kulikuwa na Jenereta, na Babu Anakohoa, na baadaye Nyuki, ambayo ndiyo iliyonifanya niwe hivi nilivyo.

Kila Jumapili saa tisa alasiri Fundi alikuja kwa baiskeli na mfuko wa makopo. Mama aliweka chai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kusini, na mkeka ulitandikwa kibarazani. Wanaume wale wawili walipanga pedali zao kama watu wanaocheza bao. Kila mmoja alipiga za mwenzake, kimya, kichwa kimeinama, kisha anasema anayoitaka. Ilikuwa kubadilishana tu, pedali kwa pedali. Masharti yalikuwa ya Fundi. La kwanza, unaweza kurudisha kabla Ijumaa tatu hazijapita, na hakuna anayekuuliza sababu. La pili, pedali ya mwenzako haifunguliwi. Ukiimaliza unadondosha nta ya mshumaa juu ya kila skrubu, na nta ile haiguswi. Fundi alisema kufungua pedali ya mtu ni sawa na kufunua chungu jikoni kwa mkewe. Unaruhusiwa kula ulichopakuliwa, basi. Walijadili noti moja ya muziki alasiri nzima. Baba alicheka. Mama aliacha kutaja uhamisho.

Wasiwasi wangu ulikuja na kutu. Pedali ya kwanza niliyoifunga mimi tangu mwanzo hadi mwisho ilikwenda Mikindani na Fundi, na Ijumaa ya pili haijafika ikarudi. Kwa masharti baba hakuuliza kitu, lakini macho tulikuwa nayo. Nyumba ya Fundi ilikuwa karibu na maji, na upepo wa chumvi ulikuwa umelila kopo langu hadi pembe zikawa nyekundu. Fundi alinipa pipi na kuniambia kopo lilikuwa baya, si mimi. Nilikwenda kulia chooni. Niliona wazi kabisa jinsi mambo yatakavyokwenda: makopo yangu yataoza moja baada ya jingine, Fundi atachoka kurudisha, Jumapili zitakwisha, na baba atarudi kwenye kiti chake uani. Mtoto akiwa mwoga anaona mbali sana.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kimakonde aliyekaanga korosho uani kwake. Kikaango chake kilikuwa kipande cha bati chenye matundu, na maganda yakiungua mafuta meusi yalidondokea kwenye kopo chini. Mafuta yale ni makali, yanachubua ngozi, na watoto tulikatazwa kuyasogelea. Siku moja nilimkuta anayapaka kwenye mlango wake kwa manyoya ya kuku. Nikamuuliza kwa nini.

"Mjukuu wangu, hii ukipaka mchwa hagusi, kutu hagusi," akasema. "Mlango huu mkubwa kuliko mama yako."

Nikamwomba kidogo. Nilimdanganya kwamba ni baba anayataka.

Wakati huo ndipo Nyuki ilipozaliwa. Ilikuwa pedali bora kuliko zote ambazo baba alijenga, yenye mngurumo mnene na laini, na Jumapili moja Fundi aliipiga akainua kichwa akatutazama kama mtu aliyepewa habari njema. Kulikuwa na harusi kubwa inakuja Mikindani, ya ukoo wenye jina, na kikundi chake kilikuwa kimealikwa. Wazee wa kikundi walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba fundi redio achague kimoja, kuchokonoa redio au kupiga besi. Harusi ile ingeamua kama anabaki au anaachwa. Akaiomba Nyuki, na akatoa badala yake pedali yake ya mwangwi, aliyoijenga kwa miaka miwili na ambayo baba hakuwahi hata kuthubutu kuiomba. Wakakubaliana aichukue Jumapili inayofuata, baba akishaimalizia. Ilikuwa imeshasikilizwa, na pedali iliyosikilizwa haikujaribiwa tena.

Kuimalizia ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na siku sita, na siku zote sita niliota kutu. Siku ya Alhamisi, baba akiwa kazini, nilifungua Nyuki, nikatoa jeki na swichi zote, nikalipaka kopo mafuta ya bibi ndani na nje, kwenye kila pembe na kuzunguka kila tundu. Nilitumia kipande cha kitambaa. Vidole viliungua, kisha vikawa vyeusi, kisha vikaanza kumenyeka. Niliviambia viache. Jumamosi nilirudisha kila kitu mahali pake, nikakaza nati, nikafunga skrubu, nikadondosha nta. Kopo lilikuwa jeusi linang'aa, zuri mno. Baba alidhani ni rangi ya viatu, akanisifu. Jumapili Fundi alikuja, akaacha ya mwangwi, akaifunga Nyuki kwenye leso, akaondoka nayo.

Siku nne baadaye nilichukua kopo jingine nililokuwa nimelipaka vilevile, la pedali ndogo ya kujifunzia, nikaliunganisha na amplifaya ya baba iliyotumia betri ya gari. Likavuma. Ukiligusa kwa mkono linanyamaza, ukiondoa mkono linavuma tena, na ndani ya ule mvumo kulikuwa na sauti ya mtu anaongea kwa mbali. Nililizima haraka kama niliyekamatwa. Nilijua maana yake, kwa sababu baba alikuwa amenifundisha. Makelele yote ya hewani huingia kwenye pedali, na kopo ndilo linaloyakamata na kuyapeleka kwenye ethi, lakini ni lazima jeki iguse bati tupu. Mafuta yakikauka yanakuwa ganda kama kucha. Nilikuwa nimeyapaka palepale nati inapokaa. Kopo la Nyuki lilikuwa halijagusana na kitu.

Ungekuwa wewe ungesema. Na mimi nilidhani ningesema. Ilikuwa Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Nilimtazama baba akila, nikafungua mdomo, nikaomba chumvi. Ijumaa nikitoka shule nilipitia kibanda cha Fundi makusudi. Wiki hiyo umeme ulikuwa wa mgao, kikundi hakikuweza kufanya mazoezi, na Nyuki ilikuwa rafuni, bado iko ndani ya leso. Alikuwa anafunga kibanda aende kuswali. Alinionyesha shati jipya la harusi, bado liko kwenye karatasi.

"Mwambie Opareta," akasema, "kesho Nyuki wake watu watamwota."

Nikasema haya. Nikaondoka. Niligeuka mara mbili njiani, na mara zote mbili nilikuta sababu ya kuendelea mbele. Labda nati za Nyuki zilikuwa zimekwangua mafuta hadi kwenye bati. Labda kule Mikindani hakuna redio inayofika. Baba akijua nimefungua pedali iliyokwisha kusikilizwa hataniruhusu tena mezani. Ndivyo nilivyojiambia, na aibu ninayoiona sasa ni kwamba nilijiamini.

Baba hakuja harusini kwa sababu meli ilikuwa imeingia. Nilikwenda na mama. Kulikuwa na turubai, harufu ya pilau, akina mama wameketi kwenye mikeka, kikundi kimepanda kwenye jukwaa la mbao lililotandikwa mazulia. Fundi alikuwa kwenye shati lake jipya. Nyimbo mbili za kwanza alipiga bila pedali, na mikono yangu ilikuwa imebana magoti. Wimbo wa tatu ulikuwa wa kumpongeza mama mzaa chema, wa taratibu, na kulikuwa na mahali ambapo wote wananyamaza inabaki besi peke yake. Pale akakanyaga.

Kwanza ulikuja mvumo. Kisha, kwenye spika kubwa kuliko zote, ikatoka sauti safi ya mwanamke anayesoma matangazo ya vifo. Marehemu atazikwa kesho saa saba mchana, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Ilisomwa yote. Fundi aliganda mguu ukiwa juu ya pedali, na alipoikanyaga tena kuizima bibi wa bi harusi alikuwa ameshasimama, anashika kifua. Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja akaanza kusoma dua ya kuondoa mabaya. Kiongozi wa kikundi akainama akamwambia Fundi kitu sikioni, na Fundi akavua gitaa, akalilaza, akashuka jukwaani. Alipita karibu nasi. Mama alimwita, lakini hakusikia. Mimi nilikuwa natazama pilau kwenye sahani yangu.

Jumapili Fundi alikuja saa tisa kama kawaida, kwa miguu. Alikuwa amekuja kuirudisha Nyuki, na kwa masharti hakupaswa kuulizwa sababu. Mama alikuwa ameshamsimulia baba yote, na baba usiku ule hakuwa amelala vizuri, akipitia kila kiungo kichwani kutafuta kosa lake. Akaipokea Nyuki kwa mikono miwili, akaigeuza. Kisha akaigeuza tena. Nta haikuwepo kwenye skrubu hata moja. Nilielewa kabla yao: nta haishiki kwenye mafuta. Ilikuwa imebanduka ndani ya leso, vipande vimepukutika njiani.

"Nta iko wapi, Fundi?"

"Sijui. Nimeifungua leso nimekuta haipo."

"Nta haiondoki yenyewe."

"Hiyo imeondoka. Sijakigusa kitu chako, Opareta."

Baba aliiweka Nyuki juu ya mkeka. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Kama ulitaka kuona ndani ungeniambia tu," akasema. "Ningekuonyesha. Ona sasa umejiharibia na harusi."

Fundi alimtazama. Alishika viatu vyake mkononi, akashuka ngazi za kibaraza, akavivaa huko chini kwenye mchanga, akaenda. Pedali yake ya mwangwi hakuidai. Chai aliyomiminiwa ilibaki imejaa, na mimi ndiye niliyekwenda kuimwaga.

Nilinyamaza wiki tatu. Sijui kama unaweza kuamini kwamba mtoto anaweza. Niliumwa tumbo kila siku. Mama alinipeleka kupimwa malaria mara mbili, na nilipoambiwa sina nilisikitika, kwa sababu malaria ina dawa. Vidole nilivificha kwenye mikono ya sweta, katika joto la Mtwara. Kila Jumapili saa tisa baba alitoka kibarazani akasimama, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akarudi ndani. Alipiga besi kanisani bila pedali yoyote. Chikongola alizunguka njia ndefu ili asipite kwenye kibanda, na mimi pia nilizunguka. Shuleni nilisikia kwamba Mikindani watoto wanamwita Fundi "Tanzia", na kwamba akionekana mtaa wenye harusi watu wanafunga mlango.

Jumapili ya nne baba hakuweza tena kuvumilia, akaifungua Nyuki mezani. Alikaa nayo muda mrefu na miwani puani, anafuata kila waya kwa ncha ya bisibisi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Hakuna alichogusa," akasema, kama anayejisemesha. "Viungo vyote ni vyangu. Sasa alifungua ili afanye nini?"

"Hakufungua, baba," nikasema. "Ni mimi."

Nilisema yote, mafuta na nta na kile kikopo kingine na ile Ijumaa. Nilipofika kwenye Ijumaa alivua miwani. Nilisubiri kupigwa, nadhani nilitamani. Aliuliza swali moja tu, kama nilijua kabla ya harusi, nikasema ndiyo. Akaenda kuoga. Akavaa shati la kanisani, akaifunga pedali ya mwangwi kwenye mfuko, akanipakia nyuma ya baiskeli, na tukaenda Mikindani.

Nyumba ya Fundi ilikuwa ya mawe, ya zamani, ukuta umebanduka chokaa. Ndani kulikuwa na sauti ya cherehani inayokwenda na kusimama, na mke wa Fundi akatoka na uzi begani akatukaribisha kama tulivyokuwa tunakaribishwa siku zote, akatuletea kahawa na vitumbua. Fundi alikuja akatusalimia vizuri. Baba alisema kwamba mtoto ana neno. Nikasema. Nilisema nikitazama mkeka, na cherehani kule ndani ilikuwa imeanza tena, kwa hiyo ilinibidi nipaze sauti, na kosa langu nikalitangaza karibu kwa kupiga kelele.

Fundi alinishika mkono, akaugeuza, akavitazama vidole. Madoa meusi yalikuwa bado hayajatoka.

"Iliuma?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mwanangu, ungepita asubuhi ile ya Jumamosi ukaniambia, ningekwangua kwa kisu dakika mbili. Opareta asingejua. Ingekuwa yetu mimi na wewe."

Baba akaomba radhi. Hakuwa mtu wa maneno, lakini siku ile aliyatafuta akayapata, akasema alimwita mtu mwaminifu mwongo alipokuwa mgeni kibarazani kwetu, mbele ya mama na mimi. Fundi akasema yamekwisha, na nadhani alikuwa na nia hiyo. Kisha baba akafungua mfuko akatoa pedali ya mwangwi, akamwambia Jumapili ijayo basi, saa tisa, mama wa mtoto atapika ming'oko. Fundi aliitazama pedali ile bila kuishika.

"Kaa nayo tu, Opareta," akasema. "Gitaa sina. Nimebadilishana na ile," na akaelekeza kidevu ndani, kwenye sauti ya cherehani.

Mke wake alikuwa ameacha kushona. Tulimaliza kahawa. Baba alijaribu kusema kwamba gitaa linaweza kupatikana jingine, na Fundi akakubali kwa adabu kwamba linaweza, kama mtu anavyokubali kwamba mvua inaweza kunyesha. Alitusindikiza hadi barabarani. Tuliporudi baba aliendesha polepole, na mahali penye mlima alishuka tukatembea. Hapo ndipo aliponiambia kwamba hanilaumu mimi peke yake. Kama angemwamini mwenzake bila nta, alisema, mafuta yangu yangebaki kuwa mafuta tu. Alisema hivyo kunifariji. Hakujua kwamba nimeshapata mzigo wa pili, lile gitaa la Fundi lililokwenda.

Jumapili zile hazikurudi. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyenuna, zilikosa tu mtu wa kuja nazo. Baba alijenga pedali mbili zaidi, lakini pedali isiyo na wa kubadilishana naye ni kopo. Siku hizi mpiga besi wa kwaya yetu, kijana mzuri mwenye bidii, ana kifaa kimoja kutoka Dar es Salaam chenye sauti mia na taa za buluu, na akipiga ni kweli kinalia vizuri. Nilimwuliza kama kuna wenzake anaozungumza nao kuhusu sauti hizo. Alisema kuna video kwenye simu. Kibanda cha Chikongola kinauza kava za simu. Bibi jirani alifariki, na walionunua nyumba yake waliung'oa mlango ule wakaweka wa chuma, ambao tayari una kutu.

Baba alistaafu akarudi kwetu kwenye baridi. Mimi nilibaki Mtwara, na kazi hunipeleka Mikindani mara kwa mara. Fundi yupo. Ni mzee sasa, anakaa mlangoni kwake na kofia yake safi, na nikipita nasimama, namwamkia, ananiuliza hali ya watoto na ya nyumbani, kisha anasema nimsalimie Opareta. Jioni napiga simu, na baba, kabla hata hajauliza habari zangu, anataka kujua kama nimemwona Fundi. Namwambia nimemwona, anakusalimu. Baba anasema nami namsalimu. Halafu mimi huku nimeshika kitasa cha mlango niliokwisha kuufunga, nasubiri aseme kitu kingine nikakipeleke. Walikuwa na uwezo wa kuzungumza alasiri nzima juu ya noti moja. Sasa wana salamu, na salamu zenyewe lazima nizibebe mimi.